Niliomba halua, nikapewa kopo

Siku mbili kabla ya Idi nilimtuma mjukuu wangu Kariakoo, duka la vitamutamu alilolisifia jirani, aniletee halua kilo mbili. Kaja na makopo manne. Nafungua la kwanza: kitu cha kijivujivu, kikavu, ukikigusa kinapukutika. Ufuta wa kusaga na sukari! Mtamu, sikatai, lakini mimi mtu wa Wete, Pemba, halua naijua.

Kesho yake nikaenda mwenyewe. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Shikamoo bibi. Mbona ndiyo hiyo, hata kwenye kopo imeandikwa." Nikatazama. Kweli, *halawa*, kwa herufi nilizofundishwa chuoni kwa bakora. Neno la Kiarabu, asili yake utamu tu, basi kila watu wamelibandika kwenye chao: Wahindi wana ya karoti, Waarabu wa Shamu wana hiyo ya ufuta. Lakini kwetu visiwani, na Mombasa, na Maskati, ukisema halua ukanyamaza, ni ile ya wanga, sukari na samli, iliyokorogwa kwa mwiko mrefu motoni mpaka mikono ikafa ganzi.

"Aa, bibi unataka halua ya Unguja!"

Ya Unguja. Nikameza mate, nikasema naam.

Akatoa sinia kutoka nyuma. Nikaomba kubonyeza: kidole kilizama, nilipokitoa pakarudi palepale, na samli ikabaki inang'aa kwenye ncha. Wanga umeiva, haugandi menoni. Iliki imo, kungumanga imo kwa mbali. Hapo nawapa haki yao.

Ila rangi wamezidisha, na wekundu ule si wa zafarani. Lozi wamezipanga juu kwa ajili ya macho. Nilipoikata nyumbani sikukuta hata moja ndani. Na wanaifunga kwenye plastiki ingali na joto, ikafika imetoa jasho. Mimi nimeizoea ya kikapu cha ukili.

Makopo matatu waliyapokea bila maneno. La nne nilishalifungua, wajukuu wanalipaka kwenye mkate.

Idi mosi sahani ilikwisha kabla kahawa haijazunguka mara ya pili, kwa hiyo nitarudi. Nawe ukienda, usiseme halua tu. Sema ya sinia, na uibonyeze kabla hawajaipima.