AC kwenye gari la spoti la zamani: ununue ipi ukiwa Dodoma

Mtu akiniuliza afunge AC gani kwenye Datsun 240Z au MGB yake, huwa namrudishia swali: rejeta yako ikoje? Wengine hukasirika. Wametoka kuangalia bei ya kompresa, mimi nawarudisha kwenye rejeta.

Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Feni ileile hapa inasukuma hewa pungufu kupita kwenye rejeta, na injini ya kabureta isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho. Juu ya hapo unaongeza kompresa, ile pampu ya kukandamiza gesi ya AC, inayokula nguvu ya injini, kisha unaweka kondensa, ile rejeta ya AC inayotoa joto la gesi, mbele ya rejeta iitemee joto usoni. Gari ambalo mwezi wa saba lilikuwa linatembea bila shida, Oktoba litachemsha kwenye foleni ya kawaida tu.

Ila tuna bahati moja ambayo watu wa Pwani hawana. Hewa yetu ni kavu. AC ya Dar inatumia sehemu kubwa ya nguvu yake kukamua maji kwenye hewa, ndiyo maana chini ya gari kunatiririka. Hapa, miezi ya kiangazi, karibu nguvu yote inakwenda kwenye kupoza. Kwa hiyo huhitaji evapureta kubwa (sehemu inayopoza hewa ya ndani ya gari, mafundi wanaiita kulingi koili) ya kujaza dashibodi nzima. Pesa yako ipeleke mbele ya gari: kondensa kubwa inavyoweza kuenea, na feni ya umeme yenye nguvu. Machaguo yote hapa chini nimeyapanga kwa kipimo hicho.

Namba moja: seti mpya yenye kompresa ndogo ya aina ya Sanden

Hii ndiyo ningemshauri mdogo wangu. Kompresa za Sanden SD-508 zina pistoni 5 na ujazo wa sentimita za ujazo 138 hivi. Ile ya 7H15 ina pistoni 7 na ujazo wa 155. Zinazunguka upande wowote, hazitetemeshi injini, na ni nyepesi ukilinganisha na yale madude ya York ya pistoni mbili yaliyofungwa kwenye magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970. Kwa injini ya lita 2.4 kama ya 240Z, 508 inatosha kabisa. Injini ya lita 1.3 itafutie ndogo zaidi, la sivyo kila ukiwasha AC utadhani umepakia magunia ya mtama.

Kondensa chagua ya mirija bapa, si ile ya bomba moja la mviringo linalojikunja kama nyoka. Gesi ya R-134a inahitaji kondensa inayotoa joto vizuri kuliko ilivyohitaji gesi ya zamani ya R-12, na mirija bapa inaimudu kazi hiyo katika nafasi ndogo. Feni iwe na rilei yake (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa) na fyuzi yake. Hakikisha seti ina swichi ya presha inayokata kompresa gesi ikipungua sana au presha ikipanda sana. Muuzaji akikwambia swichi hiyo si lazima, aga uondoke.

Kinachowashinda wengi ni breketi, kile chuma cha kushikilia kompresa kwenye injini. Kompresa ikikaa pembeni kwa milimita chache tu, puli hazilingani na mkanda unaliwa ndani ya wiki. Kama hupati breketi ya injini yako, nenda kwa fundi mchongaji mwenye subira, naye apime kwa rula ya chuma iliyolazwa kwenye puli zote. Jicho lake peke yake lisikutoshe.

Namba mbili: spea za mtumba

Nasema mtumba wa spea, si Mtumba ya Mji wa Serikali. Ukishuka Kariakoo, upande wa Gerezani, utapata kompresa zilizotoka kwenye Toyota na Nissan za Japani, na fundi mzuri anaweza kukuunganishia mfumo unaofanya kazi kwa gharama ndogo kuliko seti mpya. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bahati nasibu iliyomo.

Mimi niliwahi kuuziwa moja inayong'aa kwa nje. Ilidumu wiki tatu. Ilipokufa ilimwaga unga wa chuma mfumo mzima, na kondensa ya mirija bapa huwezi kuisafisha ikatakata ndani. Nikainunua upya pamoja na ekspansheni valvu, ile inayopima gesi inayoingia kwenye evapureta. Hapo rahisi ikawa ghali.

Tangu siku hiyo, kompresa ya mtumba naishika hivi. Kwanza matundu yake yawe yamezibwa. Yakiwa wazi, vumbi na unyevu vimeshaingia. Kisha nazungusha sahani ya mbele ya klachi kwa mkono: izunguke kwa ulaini, bila kukwama na bila kukwaruza. Mwisho naimwaga oili kidogo kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyeusi, au ina vimeremeta vya chuma, namrudishia mwenyewe. Draya (kichujio cha unyevu), mipira ya gesi na oringi usinunue za mtumba hata kwa bei ya kutupa. Draya ina chembe za kunyonya unyevu. Ikishakaa wazi imekwisha kazi yake.

Namba tatu: kufufua AC iliyokuja na gari

Inamfaa mwenye gari ambalo thamani yake ipo kwenye uasilia. R-12 ilianza kuondolewa na Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo utahamia R-134a. Oili ya zamani ya madini haichanganyiki na gesi hiyo. Lazima itolewe na kuwekwa oili ya kutengenezwa kiwandani, ya aina ya ester au PAG. Mipira nayo ibadilishwe. Gesi mpya hujazwa kama asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa ile ya zamani. Hata ukifanya yote hayo, kondensa ya enzi hizo itahemewa saa nane mchana.

Namba nne: kipoza hewa cha maji

Usicheke. Kile kidude cha feni inayopuliza hewa kupitia kitambaa kilicholowa, Dar ni takataka, lakini Dodoma kati ya Juni na Novemba kinafanya kazi kweli, na hakigusi injini. Kioo kiachwe wazi kidogo ili hewa yenye unyevu itoke. Mvua za Desemba zikianza, kiweke stoo.

Ya mwisho: AC ya umeme ya volti 12

Hii kompresa yake inazungushwa na mota ya umeme, si mkanda wa injini. Inavutia kwenye picha. Piga hesabu: mota ya nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, ambazo kwa volti 13 ni kama ampea 57. Altaneta nyingi za miaka ya 1970 hazikuvuka ampea 60 zote kwa jumla. Taa utawashia nini? MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 zina dainamo ya ampea 22 tu. Mwenye gari hilo abadilishe kwanza kuweka altaneta, hata kwa AC ya mkanda.

Siku ya kufunga na baada yake

Fundi avute hewa kwa pampu ya vakyumu, dakika 45 au zaidi, kisha aiache geji imesimama aone kama inarudi. Akitaka kutoa hewa kwa kusukumia gesi, chukua funguo zako. Gesi ipimwe kwa mizani. Ile ya "ongeza mpaka ipoe" ndiyo inayoua kompresa. Na asikujazie gesi nyingine badala ya ile ya mfumo wako, sembuse ya jiko: hiyo inawaka. Mchana wa nyuzi 35, upande wa presha kubwa ukisoma zaidi kidogo ya psi 200 ni kawaida. Ukikaribia 300, feni yako haitoshi.

Gari likitoka juani fungua vioo, tembea dakika mbili, ndipo uwashe AC na kuifunga hewa ya nje. Sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, ikishuka sana kompresa inaposhika, usikimbilie kukaza skrubu ya kabureta. Weka kifaa cha kuipandisha AC inapowaka tu. Ukienda Iringa, joto la Mtera litakushawishi uiache AC muda wote, lakini ukianza kupanda Nyang'oro zima kompresa, acha feni ya ndani, na jicho libaki kwenye mshale wa joto. Ukifika juu washa tena.

Vumbi la barabara za pembeni huziba kondensa. Ioshe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha inalaza mapezi yake. Na hata Julai, kwenye baridi yetu ya alfajiri, iwashe dakika kumi kila wiki ili sili ya shafti ya kompresa ipate oili. Sili ikikauka gesi inatoka kidogo kidogo, na utakuja kugundua Oktoba, siku ambayo kila fundi AC mjini ana foleni.