Miezi minne na kituo changu cha kunasa radi

Nilikinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa amechoka nacho. Sasa nimemwelewa. Kukiunganisha kulinichukua jioni mbili tu; kilichonila miezi minne ni kukirekebisha kisikie radi badala ya kusikia nyumba yangu.

Kwa asiyewahi kukiona: ni bodi ndogo yenye amplifaya, kipokezi cha GPS na antena mbili za feraiti. Hizo antena ni vijiti vyeusi vya kama sentimita 20 vilivyozungushiwa waya mwembamba, vimekaa kwa pembe ya nyuzi 90. Hakitafuti mwanga wala ngurumo. Kinanasa mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana, kilohezi 3 hadi 30, ambayo pigo la radi huyarusha nayo yakaenda maelfu ya kilomita yakidunda kati ya ardhi na ionosfia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme. Kituo kimoja peke yake hakijui radi imepiga wapi. Kazi yake ni kugonga muhuri wa muda kwa kufuata mdundo wa GPS wa kila sekunde, kisha kutuma kwenye seva. Seva ndiyo inayolinganisha mihuri ya vituo vingi. Mawimbi hukimbia karibu mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo tofauti ndogo tu ya muda inatosha kuonyesha mahali. Mtandao wa watu wa kujitolea wa Blitzortung unafanya kazi kwa njia hiyo.

Siku ya kwanza nilifanya alichofanya kila mgeni: nikapandisha ukuzaji (nguvu ya amplifaya) hadi mwisho na kushusha kizingiti (kiwango ambacho ishara ikikivuka kituo huihesabu) hadi chini kabisa. Nilidhani nimekipa sikio kali. Taa ya kuonyesha kimenasa kitu ikawaka bila kupumzika, na mbingu nyeupe kabisa! Muda si mrefu seva ikaacha kupokea takataka zangu.

Nilipofungua ukurasa wa kuchora mawimbi ndipo nikaona aibu yangu. Vijichomo vilikuwa vimejipanga kama meno ya kitana, kila baada ya milisekunde 10 kimoja. Radi haina nidhamu hiyo. Umeme wa nyumbani wa hezi 50 ndio wenye nayo, kwa sababu kila mzunguko mmoja una nusu mbili, na chaja mbovu hutema kelele kwenye kila nusu. Pigo la radi la kweli lina sura nyingine: linapanda ghafla, linayumba juu na chini mara chache, linafifia, yote ndani ya milisekunde moja hivi. Ukishaliona mara moja hutalisahau.

Nikatoa redio ndogo ya betri, nikaiweka kwenye masafa ya kati, mwanzoni mwa kipimo pasipo na stesheni, nikaanza kuitembeza nyumbani kama mganga anayetafuta hirizi iliyofukiwa. Karibu na taa ya LED ya sebuleni ilikoroma. Nyuma ya televisheni ikalia kama nyuki. Mwanangu akanifuata hadi mlangoni mwa stoo: "Baba, radi imejificha humo?" Humo kulikuwa na chaja ya mashine ya kutoboa ambayo haikuwa imechomolewa tangu siku nisiyoikumbuka.

Nilibadilisha taa ile, nikachomoa chaja, na meno ya kitana yakapungua lakini hayakuisha. Basi nikazima swichi kuu ya nyumba, nikakiwasha kituo kwa betri nne za kuchaji, jumla volti 4.8, na kompyuta ikiwa kwenye betri yake mita kadhaa pembeni. (Pawabenki haifai kwa jaribio hili; ndani yake kuna saketi ya kupandisha volti, nayo inapiga kelele.) Skrini ikatulia kama maji ya mtungi. Nikarudisha swichi moja moja, kimya. Nikarudisha adapta ya kituo chenyewe, meno yakarudi yote. Adapta ile alikuwa amenipa aliyeniuzia, sijui aliitoa wapi, na wiki nzima nilikuwa nawalaumu wengine. Niliyoweka badala yake ni ya zamani, nzito, yenye transfoma ndani, ikifuatiwa na kipunguza volti cha kawaida. Inapata joto, lakini haitoi kelele.

Baada ya hapo marekebisho yenyewe yalikuwa mepesi. Nilianza na ukuzaji wa chini, nikaupandisha hatua moja kwa siku, mpaka kelele ya kawaida ilipoanza kukaribia kizingiti, kisha nikarudi hatua moja nyuma. Usifanye kazi hii mchana ukadhani umemaliza: usiku tabaka la chini la ionosfia hutoweka, na radi za mbali sana zinaingia kwa wingi. Mpangilio uliokuwa mzuri saa 8 mchana unaweza kufurika saa 4 usiku. Mimi nimechagua wa usiku. Antena nimezihamishia mbali na mabati na nyaya za ukutani, na hilo peke yake lilinisaidia kuliko hatua mbili za ukuzaji. Kuna pia hali ya kujirekebisha yenyewe. Niliijaribu siku tatu nikaizima. Inafuata kelele kama mbwa anayefuata kila gari.

Ningemshauri mtu anunue? Mwenye subira, ndiyo. Anayetaka kengele ya kumwambia akimbie mvua, hapana, hiki hakifanyi hivyo, na ngurumo ikisikika mimi huchomoa waya wa mtandao na wa umeme nikakaa mbali nacho.

Sasa kituo kinatuma vizuri, na mapigo mengi ninayoyanasa yanathibitishwa na vituo vingine. Isipokuwa kila siku, saa 12:40 jioni, kwa dakika kama ishirini, meno ya kitana yanarudi. Si chetu, nimezima swichi kuu yakaendelea. Antena moja inayasikia zaidi ya nyingine, kwa hiyo mwelekeo ninao. Kesho nitatoka nje na redio yangu mapema.