Hita ya induksheni na bolti za bodi zilizoshikwa na kutu: uzoefu wangu

Bodi ya gari langu imefungwa kwenye chasis kwa bolti kumi. Mbili za kwanza nilizifungua kabla sijawa na hita hii, na zote mbili ziliniletea hasara. Nane zilizobaki nilizifungua nayo. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyelala chini ya gari lake sasa hivi, spana mkononi, akijiuliza kama kifaa hiki kina faida ya kweli.

Gari lenyewe ni la Kimarekani la miaka ya 1970, bodi mbali na chasis mbali, kama zilivyo Land Rover na Land Cruiser za zamani. Kati ya bodi na chasis kuna raba nene yenye bomba dogo la chuma katikati. Bolti inapanda kutoka chini, inapita kwenye chasis, inapita ndani ya bomba hilo, halafu inaingia kwenye nati iliyo juu, ndani ya sakafu. Nati hiyo haishikiki kwa spana. Imefungiwa kwenye kijumba cha bati ili isizunguke. Maji na matope yakishaingia humo hukaa miaka, na kijumba huoza pamoja na bolti.

Ya kwanza niliiendea kwa nguvu. Nilichomeka bomba refu kwenye mpini wa ratcheti, nikavuta. Ilizunguka kidogo, laini kama siagi, nikafurahi. Kumbe ilikuwa inajisokota. Kichwa kikakatika, kipande kikabaki juu. Ya pili nilitumia moto wa gesi. Moto wa gesi hauchagui: ulipasha bolti, ukapasha chasis, ukawasha raba, na matone meusi yanayowaka yakaanza kudondoka karibu na mkono wangu. Bolti ilitoka, lakini lami ya sakafu iliungua na moshi wake ulinikaa kifuani hadi kesho yake. Bomba la mafuta lilikuwa umbali wa mkono mmoja tu. Hapo niliapa kutorudia.

Hita niliyonunua ni ya mkononi, ya wati 1000. Mbele ina koili ya waya unayoivisha kwenye kichwa cha bolti au kwenye nati. Ukibonyeza swichi, koili inatoa uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi sana, na uga huo unaamsha umeme ndani ya chuma chenyewe. Joto linazaliwa ndani ya bolti, hakuna mwali. Koili ziko za saizi mbalimbali, na kuna waya mmoja mrefu unaopindika ambao unauzungusha mwenyewe pale koili ngumu isipopita. Huo waya ndio nilioutumia zaidi.

Mara ya kwanza nilikosea kwa kuipasha bolti hadi ikawa nyekundu. Hakuna haja. Kinachovunja kutu ni chuma kutanuka na kunywea. Bolti ya milimita 100 ikiongezewa nyuzi joto 300 za Selsiasi inarefuka kama theluthi ya milimita, na kutu haivutiki hivyo, inapasuka. Kwa hiyo nilipasha kwa sekunde ishirini au thelathini, nikaiacha ipoe kabisa, nikarudia mara tatu. Bolti ikiwa ya moto kiasi, si nyekundu, niligusisha mshumaa kwenye thredi (mistari ya kuzungukia ya bolti) kwa juu. Nta iliyeyuka na kunywewa ndani mara moja, ikaacha mstari wa unyevu mweusi kuzunguka nati. Ukiuona mstari huo ujue imeingia.

Mafuta ya kupenya kutu niliyaweka siku tatu kabla, na niliyaweka kutoka juu. Hili wengi hawalifanyi. Wanapuliza chini, kwenye kichwa cha bolti, wakati nati iko juu na mafuta hayapandi mlima. Ng'oa zulia, tafuta ncha ya bolti inayochungulia juu ya nati, isugue kwa brashi ya waya hadi thredi zionekane. Usiposugua, ile kutu ya kwenye ncha itaburutwa kuingia ndani ya nati unapofungua, na itakwama katikati ya safari. Na kabla ya kuwasha hita futa mafuta yote yaliyobaki, hasa kama umechanganya asetoni, maana inashika moto upesi. Nilikuwa na kizima moto kando yangu muda wote.

Baada ya hapo, soketi ya pembe sita, kamwe si ya pembe kumi na mbili. Anza kwa kukaza kidogo, kisha fungua robo, rudisha, fungua nusu, rudisha. Bolti ya tatu ilitoa mlio mkali kama ukuni mkavu unaovunjwa, vumbi la rangi ya chokoleti likanimwagikia usoni (vaa miwani, tafadhali), na kuanzia hapo ilishuka kwa mkono. Nilibaki nimelala pale nimeishika kifuani kwa muda.

Kati ya nane, tano zilitoka nzima na vijumba vyake vikapona. Moja ilifunguka kwenye nati vizuri lakini ikagoma kushuka, kwa sababu ilikuwa imeshikana na lile bomba dogo ndani ya raba. Hapo hita ilisaidia tena, safari hii kwa kupasha bomba badala ya bolti. Moja haikusaidiwa kabisa: kijumba kilikuwa kimeoza, nati ikawa inazunguka na bolti, na joto halina dawa ya hilo. Nilikata sakafu pande tatu, nikainua bati kama mfuniko, nikashika nati kwa spana. Baadaye nilirudisha bati na kulichomelea. Moja ya mwisho ilikatika licha ya yote. Nilitia alama katikati kwa senta panchi na kutoboa kwa keekee inayozunguka kinyume. Joto lilikuwa limeshalegeza kutu, kipande kikatoka chenyewe keekee ilipokishika.

Nina malalamiko. Mwongozo unataka upumzishe mashine dakika mbili kwa kila dakika mbili za kazi, na ukipuuza inajizima. Kitambaa kinachofunika koili kinaungua haraka ukikiacha kigusane na chuma cha moto. Nimemaliza koili mbili kwa bolti nane. Waya wa umeme ni mfupi, na nilipotumia waya wa kuongezea ulio mwembamba nguvu ilipungua waziwazi. Haifai kwa alumini. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiikaribie kabisa. Na isikudanganye kwamba kukosa mwali ni kukosa moto: bolti ikizidi joto, raba itafuka moshi vilevile.

Hata hivyo, kwa mwenye bolti kama hizi kumi, au zaidi, ningemwambia anunue bila kusita. Mwenye bolti moja tu aazime.

Bolti mpya nimezifunga kwa grisi ya shaba kwenye thredi na kwenye lile bomba la ndani ya raba. Za zamani zilikuwa na mistari mitatu kichwani, yaani gredi 5 (daraja la uimara wa bolti), nami nimenunua zenye mistari hiyohiyo. Nguvu ya kukaza nimeipunguza kidogo, kwa kuwa thredi zenye grisi hukazika kupita kiasi ukifuata kipimo cha thredi kavu. Koili mbili za akiba ziko kwenye boksi la vifaa, zinasubiri bolti za springi za nyuma.