"Gari ndiyo imeyafuata maji": bima yangu kubwa baada ya masika

Nyota moja kwa kampuni yangu ya bima. Nilitaka kutoa mbili kwa ajili ya mkaguzi wao wa hasara, ambaye kazi yake anaijua, lakini kila nikikumbuka dirisha la madai mkono unarudi kwenye moja.

Kisa chenyewe kifupi. Toyota IST, bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, ada imelipwa yote, masika yaliyopita, bonde la Jangwani, maji yakapanda, injini ikazima. Kampuni ikakubali kulipa viti, zulia, waya na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Injini ikaikataa. Nilipouliza mafuriko yaliwezaje kulowanisha viti yakairuka injini, kijana wa dirishani akajibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mzee wangu, maji hayakuifuata gari. Gari ndiyo imeyafuata maji." Mwenzake wa pembeni akacheka.

Jina la kampuni silitaji. Kifungu walichonionyesha nimekikuta neno kwa neno kwenye mikataba ya wengine, kwa hiyo ukihama kwao utakutana nacho huko uendako. Kile kicheko ndicho sijakikuta kwingine.

Sasa tuongee injini na maji, maana hapo ndipo hela inapopotea. Injini huvuta hewa, ikaibana, ikachoma. Maji hayabaniki. Yakipita kwenye filta ya hewa hadi ndani ya silinda, pistoni inapanda inakutana nayo, na kwa kuwa maji hayakubali kupungua, kinachokubali ni konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni: inapinda, au inakatika na kutoboa bloki. Magari mafupi kama IST, Vitz na Passo yana mdomo wa kuvutia hewa mbele, nyuma ya shoo, yaani grili. Maji ya magotini si lazima yafike hapo yenyewe. Basi likipita pembeni linasukuma wimbi, na wimbi moja linatosha.

Gari lililozima majini likaachwa vilevile mara nyingi linapona. Chomoa waya wa hasi wa betri, liite brekidauni la kubeba, siyo la kukokota magurudumu ya mbele yakizunguka, hasa kama gari ni otomatiki. Gereji fundi atafungua plagi zote, azungushe injini kwa mkono maji yatoke, abadili filta ya hewa, oili na filta yake. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imeshaingia maji: imwagwe, iwekwe mpya, gari liungurume kidogo, imwagwe tena. Oili ya gia boksi ikaguliwe hivyohivyo. Gari lililozima majini likapigwa stata ndilo linalokula injini. Mkaguzi wala hahitaji kukuhoji. Atafungua filta ya hewa aone kama imelowa, atatazama mstari wa matope kwenye milango, kisha atapitisha kifaa kwenye tundu za plagi apime kila pistoni inapanda hadi wapi. Ambayo haifiki walipofika wenzake, konrodi yake imepinda.

Karibu kila mkataba wa bima kubwa una kifungu kinachoondoa "hitilafu ya kimitambo au ya umeme". Hoja ya kampuni ni kwamba mafuriko yaliishia pale injini ilipozima. Kilichofuata ni dereva kupiga stata, na stata ni mambo ya kimitambo. Stata niliipiga, mara moja. Mabasi yanapiga honi nyuma, maji yanaingia mlangoni, na mguu wa dereva una akili yake. Kwa hiyo kwa haki kabisa, kampuni ilisoma mkataba sawasawa. Naandika hili huku nimekunja uso.

Lakini wakati wa kuuza, neno lilikuwa "mafuriko yamo, bosi, usiwe na wasiwasi". Yamo, ndiyo. Kwa gari lililoegeshwa nyumbani maji yakalikuta usiku, yamo yote mpaka injini. Kwa gari linalotembea, yamo nusu. Ukiwa unaishi au unapita Jangwani, Mkwajuni au bonde lolote la Dar, swali la kuuliza siyo "mafuriko yamo?" Uliza hivi: "Gari likiwa barabarani, maji yakiingia kwenye injini, injini inalipwa?" Jibu lije kwa maandishi, kama nyongeza kwenye mkataba, na muhuri. Ujumbe wa wakala kwenye simu wenye kidole gumba siyo mkataba.

Kuna watu watasema basi bima kubwa ya nini, kata bima ndogo ya 118,000 utembee. Hiyo ni ada ya 100,000 na VAT ya asilimia 18 kwa gari dogo binafsi, na inamlipa uliyemgonga. Gari lako halimo, hata likiwaka moto mbele ya ofisi yao. Kwa gari la zamani ambalo bei yake imeshuka, na ambalo ukiligonga unanyoosha bodi kwa fundi wa mtaani, bima ndogo inatosha, na kampuni nyingi hata hazitakubali kulikatia bima kubwa bila ukaguzi. Katikati kuna bima ya mtu wa tatu, moto na wizi, ambayo mawakala hawaitaji mpaka uwaulize. Inafaa gari linalolala nje na kutembea kidogo.

Kwa IST ya milioni 14, bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni 490,000, weka VAT 88,200, jumla 578,200. Hapa ndipo wengi wanapojichinja. Wakala anakwambia, "Tuandike milioni 10, mzee, ulipe 413,000." Umeokoa 165,200, unashukuru. Halafu unagonga, matengenezo ni milioni 4. Kampuni inasema umekata bima ya kumi kati ya kumi na nne, kwa hiyo tunakulipa kumi kati ya kumi na nne: 2,857,143. Toa ekses, yaani sehemu unayojibebea mwenyewe. Tuseme asilimia 10 ya dai lakini isipungue 500,000. Unabaki na 2,357,143. Ungeandika thamani ya kweli ungepata milioni 3 na nusu. Ule wokovu wa 165,200 umekugharimu zaidi ya milioni moja, na wakala aliyekushauri hapokei simu. Ukiandika zaidi ya thamani nako hakusaidii: gari likiharibika lote unalipwa bei ya soko ya siku ile, siyo ndoto zako.

Bei ya soko ibadilishe kila mwaka unapokata upya. Na kabla ya kukubali ekses, soma yale maneno "isipungue". Asilimia 10 inasikika ndogo. Kiwango cha chini ndicho kinachomeza madai ya bampa na taa. Dai la 600,000 kwenye mkataba huo linakuletea 100,000, na mwaka unaofuata umepoteza punguzo la kutodai, lile la ada anayopewa asiyeleta dai. Dai la namna hiyo lipeleke kwa fundi wako ukae kimya. Ukihama kampuni, omba barua ya punguzo lako kabla ya kuondoka, maana baada ya kuondoka hawakujui.

Matumizi. Hapa sina huruma na wenye magari, nikiwemo mimi. Gari lililokatiwa bima kama binafsi likabeba abiria wa kulipa kupitia programu ya simu, siku ya ajali ni gari lisilo na bima kubwa. Kampuni itaomba taarifa ya safari, na trafiki ataandika abiria alikuwa nani. Kata bima ya biashara, kiwango ni kikubwa zaidi lakini kinalipa. Noah ya abiria inahesabiwa kwa viti, kwa hiyo viti vya kadi ya gari vifanane na vilivyomo ndani. Benchi uliloongeza nyuma litakutafuta. Kwa Canter na malori, sema mapema kama unabeba mzigo wako au wa watu. Na mzigo wenyewe haumo kwenye bima ya gari. Nyanya zikimwagika mlima Kitonga, kule Iringa, ni zako, labda uwe umekata bima ya mzigo safarini.

Dereva ni mlango mwingine wa kukataliwa. Leseni iliyokwisha muda, daraja lisilolingana na gari, kijana mwenye leseni ya kujifunza bila mwalimu pembeni: yote hayo ni kukataliwa. Mikataba mingi inaongeza ekses kwa dereva wa chini ya miaka 25 au mwenye leseni changa. Kama mwanao anaendesha, mtaje. Na yule kijana wa kuosha magari anayekwambia "niachie funguo nilisogeze kivulini"? Hana leseni. Akiligonga kwenye nguzo, nguzo na gari ni vyako.

Halafu mkoa. Mawakala wa Dar wanauza mkataba mmoja kwa nchi nzima kana kwamba barabara ni moja. Dar shida ni maji, mikwaruzo ya foleni na wizi wa vipande: sait mira, taa, swichi za vioo, kontroli boksi. Mikataba mingi inalipa gari likiibwa zima lakini vipande inaviacha au inaviwekea kikomo kidogo, kwa hiyo uliza kikomo cha vipande kwa shilingi. Anayetoka Morogoro kwenda Iringa anakatiza hifadhi ya Mikumi. Ukimgonga mnyama, bima ndogo haikupi kitu na hifadhi itakudai faini. Kwa safari hizo kitu cha kutazama ni kikomo cha kuvuta gari. Kikomo cha 200,000 kinatosha kutoka Jangwani hadi gereji ya Ilala. Kutoka Kitonga hadi Dar, hakifikishi gari hata nusu ya njia. Na barabara za changarawe zinakula vioo vya mbele, basi tazama kikomo cha kioo pia, hasa kwa magari mapya yenye kamera kwenye kioo, ambayo kioo chake bei yake ni nyingine kabisa.

Unayevuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo, au Namanga na Rusumo, kata kadi ya njano ya COMESA. Inabeba madai ya mtu wa tatu kwa sheria ya nchi uliyomo. Gari lako hailigusi. Bima kubwa yako ikiwa imeandikwa "Tanzania", umevuka mpaka umeiacha nyuma. Iongezewe eneo kabla ya safari.

Nirudi kwa kampuni yangu. Jambo moja walilifanya vizuri: stika iliingia kwenye mfumo dakika ileile. Usiondoke kwa wakala yeyote kabla hujafungua TIRA-MIS, mfumo wa Mamlaka ya Bima, ukaingiza namba ya gari na kuangalia aina ya bima, tarehe ya kuanza na kuisha, na jina la kampuni. Kuna waliolipia kubwa wakakuta mfumoni wamesajiliwa ndogo. Na usikubali "nitakulipia jioni": ada isipolipwa bima haijaanza, hata ukiwa na karatasi mkononi.

Jambo la pili, mkaguzi. Alikuja siku ya pili, akapiga picha, akaniambia wazi mbele ya fundi kwamba injini itakuwa na mgogoro na akanieleza kwa nini, kwa heshima, kama mtu anayeongea na mtu. Angekuwa yeye dirishani, nisingeandika haya. Labda hata ningetoa tatu.

Jambo la tatu linaniudhi upya ninapoliandika. Spea walizolipia walizikata "uchakavu". Kontroli boksi ya mtumba wa Japani kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, kisha inakatwa uchakavu kana kwamba ni mpya ya boksini. Mtumba haukatwi uchakavu mara mbili! Niliandika barua, wakarekebisha. Kwa hiyo ukiona makato hayo, yapinge kwa risiti: uchakavu hukatwa pale kitu kipya kinapochukua nafasi ya kikuukuu, siyo kikuukuu kwa kikuukuu. Nyota ya pili ilikaribia kurudi hapo. Halafu nikakumbuka barua ilipokelewa dirisha lilelile, na yule kijana aliigonga muhuri akisema, "Bado tu na ile injini, mzee?"

Ukifikwa, mambo ya siku ya kwanza ni haya: picha zenye kuonyesha maji yamefika wapi kabla gari halijasogezwa, taarifa polisi siku hiyohiyo, simu kwa kampuni kabla ya fundi kufungua hata nati moja. Majeruhi wapate PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Usikiri kosa barabarani wala kuahidi kumlipa mtu. Kwenye fomu ya madai andika ulichokiona tu, kwa mpangilio. Ukianza kukisia chanzo unawaandikia wao sababu ya kukataa. Wakikataa, dai barua ya kukataliwa yenye namba ya kifungu. Bila barua hiyo Mamlaka haina pa kuanzia, wala Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Yangu niliipata baada ya kuifuata mara nne.

Injini nyingine imeshafungwa, ya Gerezani, kwa hela yangu. Juzi wamenitumia ujumbe: "Mteja wetu mpendwa, bima yako inakaribia kuisha." Nimewajibu kwamba nitalipa ile 578,200 kwao haohao, wakiniandikia nyongeza ya maji kwenye injini gari likiwa linatembea, na nikihudumiwa na mkaguzi. Wamejibu nifike dirishani.