TAHADHARI: "Kazi ya kulaiki video" imerudi Mwanza kwa jina jingine

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa akina mama wa mwaloni Kirumba na vijana wa Igoma, Buhongwa na Nyegezi: ile "kazi ya mtandaoni" iliyofunga grupu na kutokomea na hela za watu imerudi. Jina jipya, nembo mpya, lakini ngazi ni zilezile, viwango ni vilevile, na sauti ya yule kaka anayekaribisha wageni kwenye rekodi ni ileile. Jina lao siliandiki hapa kwa sababu halitakusaidia, mwezi ujao watakuwa na jingine. Naeleza inavyokwenda, ili uitambue hata ikikujia kupitia kwaya ya kanisani kwenu.

Anayekuunga kwenye grupu la WhatsApp si mgeni. Ni dada yako, ni mwenzako wa kikoba, ni fundi anayekushonea. Kila asubuhi admini anaamkia watu kwa Kisukuma: "Mwangaluka mayu, mwangaluka baba." Unapakua programu yao kwa linki (Play Store haipo, na hilo peke yake lingetosha kukushtua). Unapewa video tano za kulaiki. Jioni unakuta 2,000 ndani ya programu, unabonyeza kutoa, na kweli SMS ya muamala inaingia kwenye simu. Ndiyo maana kila ninayemwonya ananijibu, "Lakini mimi walinilipa!" Najua walikulipa. Hiyo 2,000 ni gharama yao ya matangazo, na mtangazaji ni wewe, maana usiku uleule umeshamwonyesha jirani ile SMS.

Baada ya siku chache kazi za bure zinaisha. Ukitaka kuendelea unafungua ngazi: 50,000, halafu 180,000, halafu 540,000. Ngazi ya kwanza wanaahidi 2,500 kila siku. Hebu piga hesabu. Hiyo ni asilimia 5 kwa siku, asilimia 35 kwa wiki. Serikali yenyewe ikikopa kwa wananchi kupitia hatifungani zinazouzwa na Benki Kuu, haitoi hiyo asilimia 35 hata kwa mwaka mzima. Hela uliyotoa wewe Jumanne ni ya mwenzako aliyeweka Jumatatu, basi. Siku wanaoingia wakipungua kuliko wanaotoa, utasikia "mfumo unaboreshwa".

Wenye umri wangu kwenda juu wanaikumbuka DECI, ile kampuni ya upatu. Watu "walipanda mbegu" wakangoja mavuno, kwa karatasi na foleni, bila simu janja. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Kwa hiyo anayesema ubaya uko kwenye intaneti anakosea kidogo. Upatu ni upatu. Intaneti imeondoa foleni tu, pamoja na ofisi ambayo mngeweza kwenda kuizingira mkapiga kelele.

Sasa la mama yangu mdogo. Anauza dagaa Kirumba. Mwaliko ulimkuta wakati wa mbalamwezi. Kwa asiyejua, dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala, na mama wa mwaloni anabaki na mtaji mkononi bila mzigo wa kununua. Wamepanga au wamebahatisha, waliwapata watu wenye hela na wenye nafasi. Ngazi ya kwanza alifungua kwa hela yake. Ya pili alikopa, mikopo ile ya kausha damu, wanaopita na kidaftari kila jioni.

Nilimwomba nione simu. Kwa maandishi ya kijani: Salio lako 1,246,000. Chini yake kitufe cha kutoa, kimefifia. Ukikibonyeza unaletewa ujumbe kwamba akaunti yako inadaiwa kodi ya asilimia 10 kabla ya kutoa, tuma 124,600 kwenye namba hii. Tulipoiingiza namba ile bila kumalizia, jina lililojitokeza lilikuwa la mwanamke. Kesho yake namba ilikuwa nyingine, jina la mzee wa kiume. TRA haipokei kodi kwa laini ya simu ya mtu, malipo ya Serikali yana kontrol namba. Lakini mama mdogo hakuhitaji hata kuambiwa hayo. Alimrekodia admini sauti: "Mwanangu, kama humo ndani kuna milioni na ushee yangu, si mkate hiyo kodi humohumo mnitumie inayobaki?" Akajibiwa: "Mfumo hauruhusu, mayu." Baada ya hapo grupu likafungwa, wakawa wanaandika maadmini peke yao, na baadaye hata wao wakapotea.

Hasara yake haikuishia hapo. Nyuma ya daftari lake la wadeni wa dagaa kuna majina sita ya wanawake wa kikoba chake, kila jina na kiasi mbele yake. Ni watu aliowaleta yeye, na programu ilimpa kamisheni kwa kila mmoja. Leo anawapelekea dagaa, sado kwa sado, na kila akipeleka anakata kidogo kwenye kile kiasi. Polisi hawajamwambia afanye hivyo, wala wale wenzake hawajamshtaki. Ila wanakaa naye kikao kila Alhamisi, na kila mmoja anajua nani alimwambia nani kwamba "hii ni kweli, mimi nimelipwa".

Ukishayaona hayo, huna haja ya kuuliza kwa nini huku kwetu mtu akisema anaishi kwa kazi ya mtandaoni wanamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Mimi ni mmoja wao. Nasikiliza rekodi na kuziandika, naweka maandishi ya Kiswahili kwenye video za wateja wa nje, malipo yanapitia Payoneer, huduma ya kupokea hela kutoka nje, mpaka benki. Mama mwenye nyumba wangu alinitaka kodi ya miezi sita mkononi wakati dada wa saluni mlango wa pili analipa mitatu. Simlaumu hata kidogo. Ukitutazama kwa nje, mimi na tapeli tunafanana: wote tunashinda ndani na simu na kompyuta, wote tunalipwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona, na hakuna hata mmoja wetu mwenye gunia la mzigo mlangoni. Watu wa hapa si washamba kama wajuaji wanavyopenda kuwaandika. Wameona kazi ya mtandaoni ya aina moja tu, na hiyo moja iliwapiga.

Na sisi tunaofanya kazi zenyewe tumechangia, tusijifiche. Kila siku kuna mwenzetu anarusha skrinshoti za dola na kuita vijana "njoo nikufundishe kwa 30,000". Ukimchunguza, mwaka mzima hajafanya kazi ya mteja, anaishi kwa ada za wanafunzi.

Ushauri unaozunguka ni kwamba kazi halali haikuombi hela. Ni mzuri, lakini unavuja pande zote mbili. Upwork, soko la kazi za mtandaoni, ni halali, na bado inauza tokeni za kuombea kazi, inaziita Connects, na inakata kamisheni kwenye malipo yako. Hawa matapeli nao, siku za mwanzo hawakuombi hata mia. Mimi nauliza swali jingine: mnunuzi ni nani? Dagaa tunajua. Mvuvi anamuuzia mama, mama anamuuzia mwenye lori, lori linavuka mpaka hadi Kongo, na mlaji wa kule ndiye aliyelipia safari yote. Kazi yangu pia, mwenye video analipa kwa sababu anataka aeleweke kwa Waswahili. Sasa laiki yako, nani anainunua kwa shilingi 400, na akishaipata inamfaa nini? YouTube inamlipa mwenye chaneli kutokana na matangazo, siyo wewe uliyebonyeza, na kanuni zake zinakataza laiki za kununua. Binamu yangu alimuuliza admini swali hilohilo ndani ya grupu, kwa adabu kabisa. Akaondolewa kabla hajamaliza kusoma majibu ya wenzake waliokuwa wanamwita mchawi wa maendeleo.

Awamu hii wameongeza mbwembwe. Wamepanga chumba, kuna bango, kuna fulana, kuna semina yenye soda na pilau, na ukutani wametundika cheti cha BRELA, wakala wa Serikali wa kusajili kampuni, kwenye fremu. Kile cheti kinasema kampuni imesajiliwa. Hakisemi kampuni imeruhusiwa kupokea amana za watu, hilo liko kwa Benki Kuu, na leseni yake ukiiomba utaambiwa iko makao makuu.

Jihadharini pia na kundi la pili linalokuja nyuma yao. Umeshapigwa, unalalamika mtandaoni, mara inakufuata namba usiyoijua: mimi ni kijana wa IT, mimi ni wakili, naweza kufungua mfumo hela yako irudi, tuma 30,000 ya kuanzia. Hakuna mfumo wa kufungua. Ile 1,246,000 ni maandishi kwenye kioo, haikuwahi kuwa hela. Iliyopotea ni ile uliyotuma, na wanaoweza kuifuatilia ni polisi na mtandao wako wa simu, tena ukiwahi kabla haijatolewa kwa wakala. Mara ukigundua, piga huduma kwa wateja saa hiyohiyo.

Namba wanazotumia kupokea hela zinasajiliwa kwa alama za vidole za watu wengine, mara nyingi wazee waliosajiliwa laini barabarani na kijana aliyewaambia "weka tena kidole, haijasoma". Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe. Wasaidieni wazazi wenu kuangalia, maana jina lako likipokea hela ya wizi, wewe ndiye wa kwanza kutafutwa.

Ukitumiwa mwaliko wao, usiishie kuufuta. Tuma ule ujumbe pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, ndiyo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Na anayekwambia hakuna sheria, mwambie Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Mwisho, kwa waliolipa kupitia dada mmoja wa Igoma anayeunga watu, awamu iliyopita au hii: msifute SMS za miamala hata kama zinawauma macho. Kila SMS ina kumbukumbu namba, tarehe, saa na jina la aliyepokea, na hicho ndicho kituoni watakachowauliza. Tumeshaanza kuzikusanya na tutakwenda kufungua jalada kwa pamoja, kwa sababu mmoja mmoja tunaambiwa "ulituma mwenyewe". Niandikie inboksi, usiandike namba yako kwenye komenti, wamo humu wanasoma. Siku ya kwenda, njoo na kitambulisho na simu yenyewe, siyo skrinshoti peke yake.