Pompeii: nyota nne, kutoka kwa mwoka boflo

Mimi naoka boflo Unguja, mwaka wa 19 sasa. Mdogo wangu anayeishi Naples, Italia, aliponipeleka Pompeii, mji wa Warumi wa kale uliofukiwa na majivu ya mlima wa volkano, nilikwenda kumridhisha tu. Magofu hata kwetu yapo.

Kutoka Naples ni treni, kama dakika 40, watu wamebanana kama kwenye daladala jioni. Kifaa cha kusikiliza maelezo tulikodi kibandani nje: kikagandia mlango wa kwanza, na pesa hawakurudisha. Msijaribu. Lipeni mwongozaji mwenye leseni. Wetu alikuwa mama wa makamo, anausimulia mji kama mtu anayesimulia mtaa wake.

Yeye ndiye aliyetupa habari za Pliny Mdogo, kijana wa miaka 17 aliyeutazama mlima huo, Vesuvius, ukilipuka mwaka 79 akiwa ng'ambo ya ghuba. Mjomba wake alitoka na merikebu kwenda kuokoa watu, akafia huko. Kijana baadaye aliyaandika yote, na hadi leo wataalamu wa volkano huita mlipuko wa namna ile "wa Kiplini".

Ile miili maarufu ya waliokufa siku ile ni plasta. Maiti zilioza ndani ya majivu yaliyoganda, zikaacha uwazi. Mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kuumiminia plasta. Watu wanajipiga picha hapo. Mimi nilipita haraka.

Nilikoganda mimi ni kwenye tanuri. Kuba la matofali, mdomo mmoja, ungeniambia la jirani yangu ningekubali. Pembeni yapo mawe ya kusagia ya volkano, yaliyokuwa yakizungushwa na punda. Katika tanuri la mwokaji wanayemwita Modestus ilikutwa mikate 81, imekuwa makaa. Mtu aliitia akijua ataitoa!

Nyota moja nimeipunguza kwa jua: kivuli hakuna, na barabara zile za mawe zinaua miguu. Vaeni viatu vya maana.

Kesho yake nendeni makumbusho ya Naples, msiache. Mikate yenyewe iko huko, ya duara, imechanjwa vipande vinane, myeusi tii. Mmoja, wa mji jirani wa Herculaneum, umepigwa muhuri: Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Nilisimama mbele yake mpaka mdogo wangu akanivuta mkono.