Kipimo cha HIV cha kupangusa ufizi: mambo ya kujua kabla hujalipa dukani

Kenya ilizindua upimaji wa HIV wa kujipima mwenyewe Mei 2017, na Julai mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaidhinisha OraQuick, kipimo kisichohitaji tone la damu. Maduka ya dawa Nairobi huuza pakiti yake, na kukitumia ni kazi rahisi. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hudhani kinatafuta virusi. Hakitafuti virusi hata kimoja. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili wenyewe huunda ukishavamiwa, na karibu kila kosa linalofanyika na kifaa hiki linaanzia hapo.

Kirusi cha HIV ni tufe la nanomita 120 hivi. Kwenye milimita moja vingejipanga zaidi ya 8,000. Ganda lake la nje ni utando wa mafuta kilioiba kwenye seli ya mtu kilipokuwa kikitoka, na juu yake kuna vichomozo vichache vya protini: kichwa cha kichomozo huitwa gp120, shina lake gp41. Vichomozo hivyo hunasa kwenye seli za CD4, ambazo ndizo makamanda wa kinga, kisha utando wa kirusi na wa seli huungana na nyuzi 2 za RNA, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi, huingia ndani. Kimeng'enya kimoja hunakili RNA kuwa DNA, kingine huipachika DNA hiyo katikati ya jeni za seli, na tangu hapo seli hutumikishwa kuzalisha virusi vipya mpaka ife. CD4 zikishuka chini ya 200 kwa kila mikrolita ya damu, magonjwa nyemelezi hupata mlango.

Mwili nao haukai kimya, huunda kingamwili dhidi ya lile shina la gp41. Kijiti cha OraQuick kina vipande vya protini bandia vilivyoigwa kwenye vichomozo hivyo, vya HIV-1 na vya HIV-2, aina mbili za kirusi hiki, vimepakwa mahali palipoandikwa T. Kingamwili zikiwapo, hunaswa hapo zikiwa zimebeba chembechembe za dhahabu, ndizo zinazochora ule mstari wa waridi uliokolea. Ni dhahabu ya kweli, ila hakuna sonara atakayekulipa kwa hiyo.

Pakiti ina vyumba viwili. Kimoja kina kijiti na kifuko kidogo cha kunyonya unyevu (si dawa, usimeze). Kingine kina chupa nyembamba yenye majimaji, na hayo hayanywewi wala hayamwagwi. Kifuniko cha chupa huwa kimebana. Kiyumbishe taratibu huku na huku badala ya kukivuta kwa nguvu, maana ukimwaga majimaji huna kipimo tena.

Usile, usinywe wala usitafune chochote kwa dakika 15 kabla ya kupima. Mwenye miraa shavuni aiteme kwanza. Dawa ya meno na ya kusukutua zikae mbali kwa dakika 30. Kisha pangusa kwa upande bapa wa kijiti ufizi wa juu mara moja, kutoka mwisho hadi mwisho, na wa chini mara moja. Ulimi na mashavu yaache. Kinachotakiwa ni majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya ufizi, maana ndiyo yenye kingamwili za kutosha, wala si mate. Tumbukiza kijiti mpaka kiguse chini ya chupa, uangalie saa.

Jibu husomwa kuanzia dakika ya 20, lisipite dakika ya 40. Stima ikipotea katikati ya kazi, tochi ya simu inatosha. Mstari kwenye C, alama ya kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, pekee ni hasi. Kwenye C na T ni chanya, hata ule wa T ukiwa hafifu kama penseli iliyofutwa. C ikikosekana kipimo kimeharibika, na hapa watengenezaji wamefanya jambo la busara: mstari wa C hunasa kingamwili za kawaida za binadamu, kwa hiyo aliyetumbukiza kijiti bila kupangusa ufizi haponi na jibu hasi la uongo.

Joto nalo lina lake. Pakiti huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30, kwa hiyo iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa juani usiiamini. Kupima kwenyewe kunataka angalau nyuzi 15, na alfajiri ya Julai kwenye nyumba ya mabati huenda usizipate. Ngoja kupambazuke vizuri.

Udhaifu mkubwa ni muda. Kingamwili zinaweza kuchukua hadi miezi 3 kufikia kiwango cha kuonekana, na kwenye ufizi huwa chache kuliko kwenye damu. Katika majaribio yaliyofanyika Marekani kabla ya kuruhusiwa kuuzwa madukani 2012, watu wakijipima wenyewe, kilikosa takriban mtu 1 kati ya kila 12 walio na HIV, lakini kilimsingizia asiye nayo mara 1 tu kati ya 5,000. Kwa hiyo jibu hasi la wiki mbili baada ya tukio, yaani siku uliyojiweka kwenye hatari ya kuambukizwa, ni karatasi tupu. Wanaotumia ARV (dawa za kutibu HIV) au PrEP (dawa za kujikinga kabla ya kuambukizwa) wasikitumie, dawa huweza kuzifanya kingamwili zisionekane. Mtoto chini ya miezi 18 naye hapimwi hivi, kwani hubeba kingamwili za mama yake.

Kwa aliyepitisha miezi 3 tangu tukio na anayetaka faragha, ningekichagua. Anayeogopa kukosea kuliko anavyoogopa sindano achukue cha damu ya kidoleni. Mistari miwili ikitokea, kituo cha afya hupima upya kwa vipimo tofauti kabla ya kuanzisha dawa. Na kama tukio ni la jana usiku, pesa hizo zibaki mfukoni: nenda kliniki uombe PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, kabla ya saa 72 kwisha, vidonge vya siku 28.